Msemaji wa Jumamosi

Kulikuwa na fundi cherehani aliyeolewa na dereva wa treni, mwanamume ambaye maneno yake ya siku nzima yangeenea kwenye kisoda cha chupa. Watu walikuwa wakimpa fundi pole. Yeye hakuona tabu, kwa kuwa alikuwa na maneno ya kuwatosha wote wawili. Watoto walikua, wakahama mmoja mmoja. Mzee alipostaafu alisogeza kiti chake chumba cha kushonea, karibu na dirisha, akawa anashinda hapo na gazeti huku cherehani ikinguruma. Fundi akaona maisha ndiyo hayo, na si mabaya.

Sasa binti yao mkubwa, muuguzi, akaja siku moja akamwona baba yake anavyoinuka kitini kwa awamu. Akamwambia magoti yatashika kutu. Akamtafutia kikundi cha matembezi. Kila Jumamosi asubuhi watu kumi na kitu hukutana darajani, wakaenda kwa mwendo wa taratibu kando ya mfereji hadi mashambani, kisha wakarudi. Aliyewaongoza alikuwa mwalimu wa michezo wa zamani, mwanamke mjane.

Mzee alikwenda shingo upande. Alirudi anapiga mluzi.

Mluzi huo ndio uliomtia fundi wasiwasi. Jumamosi iliyofuata mzee alioga huku akiimba. Iliyofuata tena, alinyoa ndevu tangu Ijumaa jioni, akaomba shati lake la bluu lipigwe pasi.

"Pasi ya kwenda kutembea porini?" fundi aliuliza.

"Si porini, ni mfereji."

"Basi bata watakusifu."

"Kiongozi wetu anasema..."

"Anasema mnywe maji mengi na msitembee na njaa, najua. Lete hilo shati."

Mzee akaleta shati, akarudi kwenye gazeti lake.

Kiongozi wetu! Maneno hayo mawili yalimkwama fundi kooni. Wiki nzima alishona vibaya. Alikata mkono wa gauni ukawa mfupi kuliko mwenzake, akamgombeza mteja aliyekuja kuuliza tu kama nguo iko tayari. Kichwani alikuwa akimshona huyo mwalimu kwa vipimo vyake mwenyewe: kiuno chembamba, kucha za rangi, sauti ya asali. Ijumaa alikuwa amemmaliza kabisa, amebakiza vifungo.

Jumamosi akafunga chumba cha kushonea, akavaa raba za binti yake zilizompwaya, akasimama mlangoni. "Na mimi naenda."

Mumewe alimtazama kidogo. "Chukua kofia," akasema, basi.

Kiongozi walimkuta darajani. Alikuwa pande la mtu, nywele nyeupe zimekatwa chini kabisa, filimbi shingoni, suruali ya mifuko kila mahali. Fundi akashusha pumzi. Lakini yule mwanamke alipomwona mzee alicheka tu, na mzee akacheka naye kabla hata salamu hazijatoka, na wivu uliokuwa umeanza kukaa chini ukasimama tena.

"Shemeji, karibu sana!" kiongozi alimshika mikono yote miwili. "Kumbe wewe ndiye mwenye Msemaji wetu!"

"Mwenye nani?"

"Msemaji. Mumeo. Hapa hatumwiti vingine."

Fundi akacheka, akidhani ni utani, kama mtu mrefu anavyoitwa Kifupi. Hakuna aliyecheka naye.

Wakaondoka. Njia ilikuwa tambarare, maji upande mmoja, upande wa pili migongo ya nyumba yenye kamba za nguo. Baadaye nyumba zikaisha yakaanza mahindi. Upepo ulikuwa mzuri, na fundi hakuuona. Macho yake yalikuwa mbele, kwenye shati la bluu lililokuwa katikati ya kiongozi na mwoka mikate mmoja wa kikundi hicho. Mikono ya shati hilo ilikuwa inapaa hewani. Mumewe alikuwa anaongea kwa mikono!

Walipofika kwenye lango la maji wakakaa ukutani kupumzika.

"Msemaji, tupe ile ya miwani," mwoka mikate aliomba. "Shemeji yangu mgeni hajaisikia."

"Nani, mke wake?" mtu akasema. "Huyo si ameisikia mpaka ameichoka!"

Fundi akatabasamu kwa meno. Hakuwa ameisikia.

Mzee akasita, akamtupia mkewe jicho, kisha akaanza. Mwaka wake wa kwanza wa kuendesha treni, alisema, kwenye kona moja, aliona mwanamume amesimama katikati ya reli anapunga koti. Akafunga breki, treni ikalia, abiria wakaangukiana. Mtu yule hakumjali dereva. Alipita behewa moja baada ya jingine mpaka akamwona mkewe dirishani, mkewe aliyekuwa anamkimbia na masanduku yake yote. Akamnyooshea miwani. "Umeisahau mezani," akamwambia. "Kama unaniacha, niache ukiona vizuri."

"Akashuka?" kiongozi aliuliza, ingawa alilijua jibu.

"Hakushuka. Aliivaa, akamtazama. Mimi nikaambiwa niondoe treni."

Wote wakaongea kwa pamoja. Fundi peke yake hakusema. Miaka yote ya ndoa yake, na kitu kama hicho kilikuwa kimekaa ndani ya nyumba yake, kwenye kiti cha karibu na dirisha, na watu wa mfereji ndio waliokipata! Afadhali angekuta kiuno chembamba. Hicho angejua pa kukishika.

Wakati wa kurudi alibaki nyuma makusudi. Kiongozi akapunguza mwendo, akamngoja.

"Raba zinakubana, shemeji?"

"Zinapwaya. Niambie ukweli, mama. Umemfanya nini mume wangu?"

Kiongozi hakukasirika. "Siku ya kwanza nilimuuliza alikuwa akifanya kazi gani. Akasema treni. Akanyamaza kitambo kirefu, nikadhani amemaliza. Nilikuwa nimechoka, nami nikanyamaza. Ndipo akaendelea."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu."

Fundi hakumshukuru. Alimchukia zaidi kwa wepesi wa jambo lenyewe.

Walipoagana na wenzao, mume na mke wakashika njia ya nyumbani. Fundi alivumilia mpaka kona ya kwanza.

"Mbona mimi hukuniambia habari ya miwani?"

"Nilianza."

"Lini?"

"Tulipooana. Nilifika kwenye koti, wewe ukasema, 'Akagongwa, maskini,' ukaenda kuzima jiko."

Fundi alifungua mdomo. Akaufunga. Haikumjia rahisi, midomo ilimcheza kama ya mtu anayejizuia kupiga chafya. Wakapita duka la viatu, wakapita kinyozi, na mzee bado kimya.

"Kuna nyingine," hatimaye akasema. "Ya mbuzi aliyekata tiketi."

Fundi alikuwa na la kusema kuhusu mbuzi, tena zuri. Akalimeza.

"Yule wa filimbi ameshaisikia?"

"Bado."

"Una hakika?"

"Hajaisikia mtu yeyote."

"Haya," fundi akasema, akamshika mkono wa shati, "tembea polepole."