Omera na Upanga Usiotaka Kutoka Alani

Omera alikuwa anauza palapa sokoni Tugaya, kile kitunguu cha majani kinachotwangwa na tangawizi na pilipili mpaka mtwangaji analia kama kafiwa. Lakini nyumba ikiwa inaoza binti, na kwenye mahari kuna upanga, watu walimfuata yeye aukague. Marehemu baba yake alikuwa na panga tisa, na kwa kuwa watoto wake wa kiume walikuwa wavivu wa kutupwa, kazi ya kuzisugua kwa ndimu ilimwangukia Omera tangu hajui kufunga nywele. Vidole vyake vilijua chuma kama mama anavyojua homa ya mwanawe. Na ulimi wake, huo hata asiyejua chuma aliuogopa.

Safari hii binti alikuwa Noraisa, mtoto wa kaka yake. Noraisa alimtaka Alauya, Alauya alimtaka Noraisa, na miaka miwili wazee walikuwa wanawazungusha tu. Mwisho upande wa kijana ukakubali kuleta kris ya ukoo, ule upanga unaopindapinda kama nyoka anayekimbia moto. Disomangcop, kaka mkubwa wa Noraisa, mtu mwenye hasira za karibu, alishatangaza kwamba upanga ukiwa wa bandia hakuna ndoa, na waliouleta watatafuta viatu vyao mtoni. Sasa Omera akisema bandia, mtoto wa watu anabaki analia. Akidanganya, jina lake linaoza.

Asubuhi Noraisa alimfuata jikoni. "Babo," akamwita, kama wanavyoitana shangazi huko, "hata ukiwa wa mbao, sema mzuri."

"Nikisema hivyo leo, kesho wataniletea mwiko waniambie ulikuwa wa sultani," Omera akamjibu, akaendelea kukuna nazi.

Wageni wakaja wakiongozwa na ami yake Alauya, Bapa Cosain, mzee mnene mwenye sauti ya kuongoza maandamano. Akaulaza upanga mkekani ukiwa ndani ya ala. Omera akaanza na mpini. Kichwa cha kasuku, pembe ya ndovu iliyozeeka ikawa na rangi ya chai ya maziwa, shingoni imezungushwa uzi wa fedha. Akaitazama pembe kwa karibu, akaona vile vimistari vinavyokatana kama wavu, ambavyo mfupa wa nyati hauna hata ukiuchonga kwa dua. Roho ikatulia. Kisha akautikisa. Ndani ya ala kukasikika ko-ko-ko, kama meno ya bandia mdomoni. Roho ikapanda tena, maana chuma kilichozaliwa na ala yake hakichezi.

Akaomba utolewe. Bapa Cosain akakohoa, akaeleza kwa kirefu kwamba upanga huu haujatoka alani tangu enzi za babu, kwamba ukitoka lazima uonje damu, na kwamba yeye si mtu wa kuleta balaa kwenye nyumba ya watu siku ya heri. Wazee wakaitikia kwa vichwa. Hilo jambo kila mtu alilijua, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulidharau.

Omera akasema kweli kabisa, mila ni mila. Akainuka, akaenda jikoni, akarudi amembana kwapani jogoo aliyekuwa anasubiri kupikwa.

"Damu hii hapa," akasema. "Achanjwe kishungi kidogo tu, upanga ushibe, na sisi tuone."

Bapa Cosain akatazama jogoo, akatazama mlango. Wazee wake mwenyewe wakamwambia haya, toa. Akautoa. Wakaupitisha kwenye kishungi mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Jogoo akageuza shingo kuutazama, kama anauliza mmemaliza?

Omera akauchukua. Ile nakshi ya fedha ilimkwaruza kidole, wakati kwenye upanga wa zamani fedha hugongwa ndani ya chuma mpaka kidole kinapita bila habari. Pale karibu na mpini, kile kipande kipana kilichotakiwa kuwa chuma cha peke yake kilichounganishwa, kilikuwa kimoja na makali, kikachorewa mstari ili kidanganye. Akadondoshea ndimu. Chuma cha kweli hapo huamka na mawimbi kama mbao iliyopigwa randa. Hiki kilinuna tu. Ilikuwa springi ya gari iliyofuliwa ikawa upanga.

Disomangcop alishaanza kukunja mikono ya shati. Nyuma ya pazia Noraisa alibana jicho kwenye upenyo.

"Mpini ni wa kweli," Omera akasema polepole. "Wa zamani, na mzuri kuliko wote niliowahi kushika. Ila kwenu panga ni nyingi, Bapa Cosain. Mmefungua mipini kuzisafisha, mkarudisha haraka haraka. Huu mpini mmeuvisha chuma cha mwenzake. Au nimekosea?"

Bapa Cosain alijua anavutwa kwa kamba, ila alijua pia kamba ndiyo inamtoa kisimani.

"Wanawake wa nyumbani," akasema. "Nimewaambia mara ngapi."

"Basi kafuate chuma chake mwenyewe. Jogoo ndiyo kwanza anachinjwa, na nyama yake haitakusubiri."

Akaenda akihema. Alirudi na chuma kimefungwa kwenye gazeti, na kila mtu akafanya kama haoni gazeti. Omera akakivisha mpini, akakipa ndimu. Mawimbi yakatoka, meusi kwa meupe, na fedha ikajisokota katikati kama mmea unaotambaa, laini chini ya kidole. Omera akamtazama Disomangcop, akatingisha kichwa kukubali. Nyuma ya pazia mtu akaanguka juu ya masufuria kwa furaha.

Wakati wa kula, Bapa Cosain alisogea karibu yake. Alikuwa na wapwa wengine watatu hawajaoa. Akamuuliza kwa sauti ya chini, kwa nia njema tu, alijuaje upanga ni wa bandia hata kabla haujatoka alani.

Omera akalamba kidole. "Nilinusa. Chuma cha zamani kinanukia mdalasini. Usimwambie mtu."

Mpaka leo, kwenye mahari za watu, ukimwona mzee mnene ameingiza pua kwenye ala ya upanga na kufumba macho, ndiye huyo.