Mstari Mwekundu wa Ochola

Ochola wa Makongeni aliandika nambari za mabehewa ya reli miaka kumi na minane. Mwaka wa 1979, chuo kikuu kilipojenga jengo jipya la afya, ndiye aliyeitwa kuandika vibao. Msimamizi, Bwana Muturi, alimpa orodha ya maneno, yote Kiingereza, marefu kama treni ya mizigo, ya kubandikwa juu kabisa ya milango.

Mkae vizuri niwaambie, maana jambo hili bado linaniuma.

Ochola hakukabidhi kazi kabla mtu asiyejua kusoma hajaijaribu. Masomo yalikuwa yameanza, matibabu yangeanza wiki iliyofuata. Basi akamleta jirani yake Rispa, muuza samaki wa omena, mwenye kidonda mguuni.

"Shemeji, tafuta chumba cha kufunga vidonda. Mimi sisemi neno."

Rispa hakuinua hata macho kwenye vibao. Aliona makoti meupe yanapita, akayafuata. Daktari si ndiye avaaye nyeupe? Yakaingia ukumbini, naye akaingia. Akaketi, akafungua kitambaa cha mguu. Kumbe ni wanafunzi wanangoja mwalimu! Walicheka mpaka wakagonga meza.

Ochola akamtoa kwa mkono.

"Umenileta nichekwe, Ochola? Nyumba gani hii isiyojua kumwonyesha mgeni njia?"

Mchana huohuo Ochola akapiga mstari mwekundu ukutani, usawa wa kiuno, kutoka mlango mkubwa hadi chumba cha vidonda. Mlangoni mwa chumba hicho akachora mguu wenye bendeji.

Muturi akaja mbio. "Mzee, hiki ni chuo kikuu, si bucha ya mtaani Jericho! Futa!"

"Wagonjwa watatoka wapi, bwana? Ulaya?"

"Watauliza."

"Wamuulize nani? Hao waliomcheka?"

"Futa, au kazi yako imeisha."

Ochola akaosha brashi zake, moja moja, akazifunga kwenye gazeti. "Futa mwenyewe. Mkono huu haumpotezi mgonjwa kwa makusudi."

Na Muturi akafuta kweli! Kwa rangi nyeupe, mara mbili, usionekane hata kivuli.

Matibabu yalipoanza, Rispa alikataa katakata kurudi. Kidonda chake kikawa kinaoshwa kila asubuhi na Truphena, mke wa Ochola, kwa maji ya chumvi na kipande cha shuka kuukuu, huku Rispa akiuma kanga asipige kelele. Na kule kwenye jengo, bendeji zilikuwa zimejaa kabati.