Mabeseni Mawili Kando ya Jiko

Niliamini kwa moyo wangu wote kwamba beseni la maji likikaa kando ya jiko la mkaa linakunywa sumu yote, na asubuhi ukiyamwaga umemwaga na kifo chako. Aliyeniambia ni fundi baiskeli mmoja hapa Kizwite. Mimi, mhitimu wa kidato cha nne kwa masomo ya jioni, nikaongezea sayansi yangu: maji ni mazito, sumu ni nyepesi, kwa hiyo... Kwa hiyo nini sikumbuki, ila nilitangaza mtaa mzima, na hakuna aliyebisha.

Mwaka huo mke wangu alijifungua Juni, mwezi ambao baridi ya Sumbawanga hugandisha salamu kabla haijamfikia unayemsalimu. Mama mkwe akapanda kutoka Kabwe kuja kumtunza mzazi. Mtu wa ziwani yule, amezoea kujifunika kanga moja. Siku ya kwanza tu alivaa nguo zake zote kwa pamoja, akawa na mwili wa watu watatu.

"Baba!" aliniita kutoka chumbani. Mimi nilisimama ukumbini nyuma ya pazia, maana mkwe mwanamume haingii chumba anacholala mama mkwe. "Huku kwenu mnaishije? Samaki wa kwenye friji wana nafuu!"

"Pole mama. Jiko linakuja."

Jiko likaingia humo walimolala mama mkwe, mke wangu na kichanga. Mimi nilikuwa nimeshahamishiwa kwenye kochi. Beseni likajazwa mpaka ukingoni.

Asubuhi vichwa vikawauma. Nikasema ni baridi, nikaziba dirisha kwa magunia, kwa nje. Wakaamka wanaumwa zaidi, na mama mkwe anatapika. Nikasema bado kuna upenyo. Nikabana blanketi kuukuu chini ya mlango, nikaagiza na beseni la pili. Sijawahi kuona ugonjwa mkaidi namna ile. Kadiri nilivyoziba ndivyo walivyozidi kuumwa!

Kilichoniudhi kuliko vyote ni kwamba wakishatoka kuota jua uani, wote wazima. Mama mkwe anacheka, anasimulia samaki wa ziwani kwao, migebuka mikubwa kama milango. Nikampeleka zahanati, malaria hana. Nikabadilisha godoro. Nikagombana na muuza maziwa, maskini, ambaye maziwa yake hata hawakuyanywa.

"Mkweo amechoka na nyie," jirani yetu muuza maandazi akanitania kutoka upande wa pili wa ua. "Anaumwa Kabwe huyo. Mpandishe gari, atapona kabla hajafika!"

Mke wangu ndiye aliyeuliza kwanza. "Hivi wewe baba, siyo hili jiko kweli?"

"Jiko lina mabeseni mawili!" nikafoka. "Na huo mkaa umeshakolea, una moshi hapo? Kinachoua ni moshi."

Akarudi kumnyonyesha mtoto. Natamani angebisha.

Kulipopambazuka siku iliyofuata, nyumba ilikuwa kimya. Kichanga chetu, ambacho kilio chake kilisikika mpaka Kaengesa, hakikulia. Nikasogea kwenye pazia.

"Shikamoo mama."

Kimya. Nikarudia kwa sauti. Nikabisha mlango. Ndipo nikamsikia mke wangu, kwa mbali kama mtu aliye ndani ya pipa: "Miguu haina nguvu. Mama haamki."

Na mimi nimesimama! Mtu mzima, nimeshika pazia, nawaza kama inaruhusiwa. Nakasirika mpaka leo nikikumbuka ule muda. Kisha nikausukuma mlango, nikamnyakua mtoto, nikamvuta mke wangu mkono hadi uani, nikarudi nikamburuta mama mkwe kwa makwapa, na nguo zake zote za watu watatu.

Hewa ya nje ilikuwa kama visu. Mtoto akapiga chafya, akaanza kulia. Mama mkwe akafumbua macho, akaniona nimemkumbatia.

"Baba," akanong'ona, "umeingia?"

"Nimeingia, mama. Nisamehe."

Jirani akakimbilia bajaji. Hospitalini waliwekewa oksijeni, na kufikia mchana mama mkwe alikuwa anaulizia chakula. Daktari, kijana mpole mwenye sweta mbili, akaniita pembeni.

"Mnalala na jiko la mkaa?"

"Ndiyo, daktari, lakini linawekewa maji. Mabeseni mawili. Na halina moshi kabisa."

"Maji hayafanyi chochote," alisema. "Mkaa ukiwaka, hata bila moshi, unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Mlivyoziba chumba mkaifungia ndani pamoja na hawa wagonjwa. Jiko linakaa nje. Waongezee mablanketi, na hayo magunia ya dirishani katoe leo."