Mawe Yanayopikwa Rubongi

Nilikwenda Tororo kwa sababu ya aibu. Mwaka jana nilichora ramani ya mbio za dira za wanafunzi, zile ambazo mtoto hupewa ramani na dira akatafute vibendera porini peke yake, na kwa kosa langu msichana wa kidato cha pili akazunguka vichakani saa nne nzima. Tulimkuta amekaa chini analia. Mimi ni mwalimu wa jiografia, hebu fikiria. Basi shule za pande zote mbili za mpaka zilipopanga mbio nyingine Jumamosi, kwenye kilima kimoja Rubongi, nje ya mji wa Tororo, na kuniomba ramani tena, nilijiapiza kwamba nikimpoteza mtoto wa pili nitaacha kabisa kuchora.

Jumatatu, saa moja asubuhi, nilivuka mpaka Busia kwa miguu, begi mgongoni. Afisa aliniuliza nakwenda kufanya nini Uganda. Nikamwambia nakwenda kuchora mawe. Alinitazama, akaitazama pasi yangu, akagonga muhuri.

Njiani kwenda Tororo nilianza kuchanganyikiwa mapema. Ule mwamba mkubwa wa mji wa Tororo ulijitokeza mbele yetu, kidogo ukawa kushoto, kisha nikauona kulia. Najua barabara ndiyo iliyokuwa inapinda, lakini nilitoa dira begini nikahakikisha, na abiria wa pembeni akasogea kidogo.

Rubongi nilipokewa na Mama Othieno, shangazi wa mwalimu mwenzangu, mama wa makamo mwenye mikono migumu na maneno machache. Alisema anafanya kazi kule kule kilimani. Sikuuliza kazi gani, nikadhani ana shamba. Mchana huo nilipanda na penseli yangu. Kilima chenyewe ni korongo juu ya korongo, miiba, na mawe makubwa ambayo mengine yanakaribia ukubwa wa jiko la nje. Kwenye ramani kila jiwe kama hilo ni nukta nyeusi, na mtoto aliyepotea hushikilia nukta hizo. Nilihesabu kumi na moja, nikashuka nimechoka na nimeridhika.

Jumanne asubuhi niliyakuta tisa. Nilihesabu hatua upya kutoka njia panda, nikarudi, nikahesabu tena. Tisa. Nikasingizia dira, kwamba labda kuna chuma ndani ya miamba kinachoivuruga. Jioni tukinywa chai nilimwambia Mama Othieno dira yangu imeharibika, nikamsimulia na habari ya yule msichana wa mwaka jana. Mawe sikuyataja, niliona haya. Aliuliza tu kama mtoto alipatikana, kisha akaniongezea chai.

Jumatano lilikosekana jiwe ambalo jana yake asubuhi nilikuwa nimeliegemea nikila chapati. Hapo niliogopa kweli. Nilisimama palepale, ramani mkononi, nikawaza kwamba kichwa changu kina kasoro na kwamba Jumamosi nitawatuma watoto wa watu porini na karatasi ya mwendawazimu. Ndipo nikasikia nyundo ng'ambo ya korongo. Nikazifuata. Niliwakuta akina mama watano wamekaa chini wanaponda kokoto, na Mama Othieno akiwa katikati yao.

Nikamuuliza jiwe lililokuwa pale juu liko wapi.

"Ile tulipika jana," akasema.

Kwetu hupikwa chakula, au uongo. Nilidhani ananitania. Akainuka, akanionyesha jiwe jingine limezungushiwa kuni na matairi makuukuu. Wanaliwashia moto mpaka linapasuka, halafu nyundo zinamaliza. Alama nyeusi ardhini, ambazo siku mbili nilikuwa nazikanyaga nikidhani ni za wachoma mkaa, ndizo zilizokuwa nukta zangu.

Nilifurahi kwamba sina wazimu, kisha furaha ikaniishia, maana mbio zilikuwa zimebakiza siku tatu. Nikawaomba wasipike tena mpaka Jumamosi ipite.

"Mwalimu," Mama Othieno akanijibu, bila ukali wowote, "watoto yenu nakuja siku moja tu. Sisi hii kazi iko ya kila siku."

Basi nikaketi kando yake, nikamwomba anitajie lipi linapikwa lini. Alinitajia yote, ya leo, ya kesho, ya Ijumaa, naye aliyajua kwa zamu kama mimi ninavyojua ratiba ya vipindi. Nikatoa kifutio. La mwisho la Ijumaa lilikuwa lile kubwa la juu kabisa, tukapanda wote kulitazama, nami nikalifuta kwenye ramani huku nimeliegemea. Akaniangalia ninavyosugua karatasi, hakuuliza, nami sikumweleza.

Alhamisi nilirudi Busia, ramani ikachapwa, nikalala vizuri mara ya kwanza wiki ile.

Jumamosi mchana watoto wote walikuwa wamerudi isipokuwa mmoja, binti wa darasa langu. Nilipanda kilima nikikimbia, na umri huu wangu. Nilimkuta juu kabisa, amesimama kando ya jiwe kubwa ambalo halikupaswa kuwepo, macho mekundu. Mama Othieno alikuwa amemshika bega.

"Nimelizunguka mara tatu, mwalimu," binti akasema. "Kwenye ramani halipo. Nikajua nimepotea."

Mama Othieno alikuwa anatabasamu.

"Hii nilikuachia moja," akaniambia. "Ulisema mtoto napotea. Nikasema aone jiwe."

Walikuwa wameziondoa kuni zilizolizunguka Ijumaa asubuhi, akina mama wote watano, wakakaa siku nzima bila kazi.

Nilimwambia binti kwamba hakupotea, kosa ni langu. Na ni langu kweli. Niliwauliza akina mama wale kila kitu, mimi sikuwaambia kitu. Mama Othieno akataka kujua kama jiwe lilisaidia. Nikamwambia limesaidia sana, na machozi yakanitoka mbele ya mwanafunzi wangu.