Maji ya Kule Juu

Harufu ya gunia lililoloweshwa kwa kuosha mawe ya shaba inanikasirisha hadi leo. Asubuhi hii jirani ameanika moja kwenye ukuta wangu, na papo hapo nikarudi utotoni, kwenye kile kijito nyuma ya cité, mtaa wetu.

Mama alikuwa ameinama akiosha mawe kwenye beseni. Ng'ambo, jirani yetu alikuwa akitikisa lake, tope jekundu limemfika magotini. Akainuka, mikono kiunoni.

"Mama, unachafula mayi! Batoto banakunywa hapa!"

"Na yako ile ni maziba?" mama akamjibu, akinyooshea kidole tope lake jekundu lisilofanana na maziwa hata kidogo.

Bibi yangu alizoea kusema nyani haoni kundule. Siku ile niliwaona nyani wawili.

Mama akanisukumia bidoni, dumu letu la maji. "Enda uchote kule yulu, kwenye buchafu ya huyu mama haifike."

Huko nikamkuta binti wa jirani, ametumwa kukimbia uchafu wetu. Maji yalikuja mekundu vilevile, kwani juu zaidi kina mama wengine walikuwa wanaosha mawe, wakigombana. Tukajaza bila kutazamana.

Nyumbani, maji yalipotuama, mama alijimiminia kikombe, akanywa chote.

"Unaona?" akaniambia. "Ile buchafu yake haiko humu."