Mzee Alinishukuru Kanisani kwa Dawa Niliyomnyima

Admin, nifiche jina, maana hapa Butembo tunajuana hadi mbuzi wa jirani. Mimi ni mama wa miaka thelathini na nane, nina famasi ndogo karibu na soko. Mama yangu mzazi ana kisukari, anaishi kwa sindano za insulini, na mimi ndiye ninayemchoma kila asubuhi.

Vita vilipochacha upande wa Oicha, mzee mmoja alikimbilia kwa jirani yetu. Mzee huyo naye anaishi kwa insulini. Alikuja famasi na chupa yake tupu. Barabara ya Beni ilikuwa imefungwa, dawa haziingii, nami nilibakiwa na chupa mbili tu, nimezificha kwenye chungu chenye mchanga mbichi zipate ubaridi, kwa sababu umeme wa friji hakuna. Nikamwambia, "Imeisha, papa. Nitakutafutia." Nilimfikiria mama yangu tu.

Akawa anapita kila siku, amekonda, ana kiu isiyokwisha. "Docta, leo iko?" Namjibu, "Bado, papa." Hanilaumu, na hilo ndilo linaloniumiza.

Jumapili, wakati wa ushuhuda, akasimama na fimbo yake. "Nashukuru Mungu juu ya huyu mama. Ananitafutiaka dawa kila siku, hapana kuchoka." Kanisa zima likapiga makofi. Nikainamisha kichwa kama ninayeomba, kumbe natamani ardhi inimeze.

Mama alikuwa kando yangu. Tulipofika nyumbani akauliza, "Na ile dawa ya shindano unanipigaka asubui, inatokaka wapi?" Nikashindwa kumdanganya. Hakunigombeza. Akasema, "Umupelekee chupa moja. Kama yeye hajapata, miye shindano hapana." Leo asubuhi kweli amekataa kunipa mkono nimchome.

Mtasema jambo ni rahisi, nivuke ua nikampe. Nimeshaitoa chupa chunguni, nimefika hadi mlangoni kwao, nikarudi kama mtu aliyesahau kitu. Nikimpa na kusema kweli, atajua dawa ilikuwapo siku zote akidhoofika mbele ya macho yangu, na kanisa litajua. Nikisema imefika leo, Jumapili atasimama anishukuru tena, na mama yangu atakuwa ameketi pale pale anasikia.

Wagonjwa wawili wanakosa dawa kwa sababu ya aibu yangu. Ndugu zangu, nisaidieni kabla jua halijazama: akifungua mlango, nimwambie nini?