Majina Yaliyojirudia

Bibi aliyesimama mbele yangu kijijini Kibakwe, kikapu kitupu mkononi, nilikuwa nimemfuta mimi mwenyewe wiki mbili kabla, nikiwa nimeketi ofisini Dodoma, kwa kubonyeza kitufe kimoja.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wanasema nimeshachukua mbegu. Hebu nitazame, nimezibeba wapi?"

Watu kwenye foleni wakacheka. Mgawaji alimwonyesha karatasi: jina lake hili hapa, na alama ya vyema ubavuni. Bibi hakujua kusoma, lakini aliikagua kwa jicho lake moja zima.

"Huyo ni mjukuu wangu. Alipewa jina langu. Ana mume wake na shamba lake, nami nina langu. Mvua ikianguka nipande hiyo karatasi?"

Kazi hii niliiingia baada ya shirika la umma lililoniajiri kupunguza wafanyakazi. Biashara ilikuwa imefanywa huria, na aliyejua kuwasha kompyuta aliweza kujiita mshauri. Nami nikajiita. Mteja wangu wa kwanza alikuwa shirika dogo la hisani lililopanga nyumba jirani na soko la Majengo. Liligawa mbegu za mahindi na maharage kwa kaya zilizokosa mavuno. Wafadhili walikuwa wamelipia kompyuta moja, na kwa miezi kadhaa ilikaa imefunikwa kitambaa cha kufuma, juu yake maua ya plastiki.

Orodha ya kaya ilikuwa katika daftari la katibu muhtasi, mama wa makamo mwenye mwandiko mzuri. Kando ya kila jina aliongeza maneno yake: "mjane", "anakaa ng'ambo ya korongo", "jicho moja halioni".

"Haya nayaweka wapi, mama?" nilimwuliza.

"Weka hapo unapoweka watu, mtaalamu."

Sikuyaweka. Nilitengeneza safu mbili tu, jina na kijiji. Umri niliuacha, kwa kuwa wazee wengi hawakujua mwaka waliozaliwa. Kisha nikaiamuru kompyuta iondoe majina yaliyojirudia. Ikaandika kwenye kioo kwamba mistari kumi na tisa imefutwa, bila kusema ni ipi. Mkurugenzi alipiga makofi. Nikasema, na hadi leo naona haya, kwamba tumewanasa wadanganyifu kumi na tisa.

Nilirudi kutoka Kibakwe nikamweleza katibu muhtasi habari za bibi. Alinisikiliza hadi mwisho, mikono juu ya taipureta yake.

"Kule mjukuu hupewa jina la bibi ili bibi asisahaulike," alisema. "Ungeniuliza."

"Naomba daftari, mama."

"Daftari gani? Si ulisema linajaza nafasi bure? Twende kwa muuza karanga."

Ndivyo ilivyokuwa desturi ya ofisi zote pale mjini: karatasi iliyokwisha kazi ilipelekwa sokoni kufungia bidhaa. Muuza karanga alikuwa amesokota nusu ya daftari letu kuwa pembe za kutilia karanga, zimepangwa kwenye sinia.

"Mnataka karanga au karatasi?" aliuliza.

"Karatasi."

"Karatasi haiuzwi tupu, mama yangu."

Tukachukua sinia zima pamoja na kurasa ambazo hazijachanwa. Ofisini tulimimina karanga kwenye khanga ya katibu muhtasi, tukakunjua pembe moja moja, tukitafuta majina yaliyoandikwa mara mbili katika kijiji kimoja. Ukurasa wa bibi ulikuwa na alama za mafuta. "Jicho moja halioni." Mistari mitatu chini yake, jina lile lile: "mjukuu, kaolewa bondeni."

Kwa njia hiyo tuliwapata kumi na wawili. Wote walikuwa watu kamili, kila mmoja na shamba lake.

Tulipofika tena Kibakwe, mvua ya kwanza ilikuwa imeshanyesha. Bibi alikuwa ameanza kupiga mashimo ya kupandia, yakiwa hayana kitu. Aliupokea mfuko, akaupimapima mkononi.

"Na wenzangu?"

"Tumewapata kumi na wawili, bibi, pamoja na wewe."

"Ulifuta wangapi?"

Nikamwambia. Alihesabu kwa vidole, kisha akarudi kwenye mashimo yake.

Wale saba waliobaki walikuwa kwenye kurasa zilizokwisha kuondoka sokoni na karanga. Tulitangaza kwenye mikutano ya vijiji, na hakuna aliyejitokeza. Huenda katibu muhtasi alikosea, akawaandika mara mbili, ingawa yeye alikataa katakata. Huenda walifika siku ya mgawo, wakaambiwa wameshachukua, wakaamini karatasi kuliko mikono yao mitupu. Msimu ule wa kupanda ulipita, na mpaka leo sijui kama wale saba walikuwa watu.